Shajara ya mradi: picha za andiko la kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, kutoka 23 hadi 7

Siku ya 1

Andiko lililopokelewa lina kurasa 31, picha 23, na faili lake la PDF lina MB 38. Mwombaji ni kikundi cha wanawake mkoani Singida. Mkopo unaoombwa ni ule wa halmashauri usio na riba, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu). Bajeti ni sh milioni 32. Maneno ya andiko yako sawa kwa kiasi kikubwa. Tatizo liko kwenye picha, na kazi hii inahusu picha tu: ipi ibaki, ipi ipigwe upya, ipi igeuzwe mchoro.

Picha zote zimechapwa ndogo ndogo, nane kwa karatasi, zikakatwa na kupangwa mezani. Nyuma ya kila moja inaandikwa sentensi moja kwa penseli: picha hii inathibitisha nini, na inagusa mstari gani wa bajeti? Isiyopata sentensi inatoka. Kumi na moja zimetoka kabla ya chai: tatu za wanachama wamekaa chini ya mwembe, nne za mashamba ya alizeti, mbili za noti zilizopangwa kama karata, moja ya mgeni rasmi akikata utepe, na moja ya mikono iliyoshikana iliyochotwa mtandaoni.

Mashamba yalileta ubishi, maana mojawapo ndiyo ilikuwa ya jalada. Ua la alizeti linapendeza, ila kila andiko la alizeti linalo. Kubwa zaidi ni kwamba kikundi hiki hakilimi, kinanunua. Msomaji akikutana na shamba jalada zima, anaanza kutafuta ekari, mbegu na mbolea kwenye bajeti. Hazimo, naye hatajua kama zimesahauliwa au hazihitajiki. Jalada sasa lina jina la mradi, kata, kiasi kinachoombwa na tarehe. Halina picha.

Siku ya 2

Picha ya banda. Iliyopo ilipigwa saa saba mchana kutoka mbele: bati linang'aa hadi limekuwa doa jeupe, na mlango ni giza tupu. Haionyeshi ukubwa, barabara wala sakafu.

Imepigwa upya saa 2 asubuhi, mpigaji akiwa kwenye kona ya upande wa barabara ili kuta mbili zionekane kwa pamoja. Ukuta mmoja peke yake haumwambii mtu kina cha jengo. Mbele ya mlango yamesimamishwa magunia matatu ya alizeti. Gunia kila mtu wa Singida analijua kimo, kwa hiyo ndilo rula. Simu imeshikwa kwa ulalo, usawa wa kifua, na lenzi imefutwa kwa kitambaa. Hilo la mwisho linachekesha mpaka uone picha mbili bega kwa bega: alama ya kidole hutandaza ukungu mwembamba kwenye kila sehemu inayong'aa.

Maelezo ya chini ya picha yalikuwa "Picha Na. 3: Banda letu." Sasa yanasomeka hivi:

*Picha 1. Banda la mita 6 kwa 9 lililokodishwa kwa mradi, likionekana kutoka kona ya barabara. Bati ni jipya. Sakafu bado ya udongo. Sakafu ya zege na rangi ya ndani vimo kwenye bajeti, mstari wa 5, sh 2,100,000.*

Kasoro imetajwa wazi na fedha yake imeonyeshwa hapo hapo. Picha ya zamani ilikuwa imekatwa chini ili udongo usionekane. Kuficha namna hiyo hakusaidii, kwa sababu afisa maendeleo ya jamii akifika kukagua eneo, kitu cha kwanza atakachokanyaga ni huo udongo.

Siku ya 3

Nguzo ya umeme. Andiko linasema banda liko jirani na umeme wa fezi tatu. Picha iliyoambatanishwa ilikuwa ya nguzo kuanzia chini hadi kiunoni, mtoto ameegemea. Nguzo ya nusu haithibitishi kitu. Kwenye laini ya msongo mdogo, fezi tatu hutambulika juu: nyaya nne, tatu za fezi na moja ya nyutro. Nyumba ya kawaida ya fezi moja hupelekewa nyaya mbili tu. Kwa mashine inayohitaji mota ya kilowati 11, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mradi unawaka au hauwaki.

Imepigwa upya ikionyesha kichwa cha nguzo na sehemu ya paa la banda kwenye fremu moja. Jua limeachwa nyuma ya mpigaji, vinginevyo nyaya zinamezwa na mwanga wa anga. Picha pana ya nguzo nzima iliyopigwa kutoka mbali imekataliwa. Kwenye karatasi nyaya zinakuwa nyembamba kuliko nukta, na fotokopi inazifuta kabisa.

Mtoto ametoka. Hata kwa watu wazima waliobaki kwenye picha za kazi, kikundi kimepewa karatasi ya ridhaa ya mistari mitano: jina, picha ipi, itatumika kwenye nini, itaonwa na nani, sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu sura ya mtu inayotambulika kuwa taarifa yake. Katika kupitia picha upya ikaonekana kwamba mlango mmoja ulikuwa na namba ya simu ya mwenye nyumba imeandikwa kwa chaki. Imefutwa kwenye mlango wenyewe kwa kitambaa kibichi, picha ikarudiwa.

Siku ya 4 na ya 5

Ekispela, yaani mashine ya kukamua mafuta. Hapa palichukua muda.

Andiko lilikuwa na picha safi ya mashine, mandharinyuma meupe, imetolewa kwenye tovuti ya muuzaji wa nje. Tatizo la kwanza ni hakimiliki. La pili ni zito zaidi: mashine ya pichani siyo iliyo kwenye profoma (ankara ya bei ya awali kutoka kwa muuzaji). Ya pichani ina sufuria la kupashia mbegu juu na ni kubwa karibu mara mbili. Mjumbe wa kamati inayopitia maombi, anayezijua mashine, akilinganisha ukurasa wa 14 na kiambatisho, ataona mambo mawili yasiyofanana na hatauliza lipi ni kweli.

Picha mpya imepigwa dukani, kwa ruhusa, kwa mashine iliyoandikwa kwenye profoma. Ziko mbili ndani ya fremu moja: mashine nzima kushoto, na kulia kibao chake cha chuma kikiwa karibu kiasi cha kusomeka. Kibao kilipigwa mara sita kabla ya kukubali. Mwanga ukigonga chuma moja kwa moja, herufi zilizogongwa zinapotea. Dawa yake ni kusimama ubavuni kidogo na kuziba mwanga kwa kipande cha boksi, herufi zikapata kivuli.

Kibao kinasema kW 11, profoma inasema hp 15 (nguvu ya farasi). Ni kitu kimoja (hp 15 ni kama kW 11.2), ila msomaji asiye fundi ataona namba mbili. Maelezo ya picha yameandika zote.

Profoma inataja kilo 250 kwa saa. Andiko linasema tani 2 kwa siku, yaani saa 8 bila kusimama hata kidogo. Mashine hii inahitaji kupata moto ndipo ikamue vizuri, inafunguliwa kusafishwa, na umeme hukatika. Saa 6 za kukamua ni makadirio ya kutetewa: tani 1.5. Namba imebadilishwa kwenye maelezo ya picha na kwenye aya. Hesabu hiyo ikaibua jingine. Alizeti ya kikundi chenyewe, tani 27 kwa msimu, inakwisha kwa siku 18 za kazi. Siku zilizobaki mashine inafanya nini? Ikabainika kuwa itakamulia wakulima kwa ada, na ada hiyo tayari imo ndani ya mauzo ya kila mwezi, lakini haikuwa na mstari wake wala sentensi hata moja. Sasa inavyo vyote.

Siku ya 6

Mchoro wa mtiririko wa uzalishaji. Picha nne za hatua (kupepeta, kukamua, kuchuja, kufungasha) zimeondolewa, na mahali pake kumekuja mchoro mmoja wa visanduku na mishale. Picha za kazi zinaonyesha kwamba watu wanafanya kazi. Mchoro unaonyesha kiasi kinachoingia na kinachotoka, na hicho ndicho kinachounda bei.

Rasimu ya kwanza ya kikundi ilikuwa hivi: alizeti 100, mafuta 30, mashudu 70. Imejumlishwa ikatimia 100, kila mtu akafurahi. Shida ni kwamba 30 ni lita na 70 ni kilo. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kilo 0.92 hivi, kwa hiyo lita 30 ni kilo 27.6. Na mbegu haigeuki yote mafuta na mashudu. Kuna takataka zinazopepetwa, unyevu unaopotea na machicha yanayobaki kwenye chujio. Mchoro uliorekebishwa, kwa kila kilo 100 zinazoingia:

mafuta kilo 27.6 (lita 30), mashudu kilo 67, takataka, unyevu na machicha ya chujio kilo 5.4. Jumla kilo 100.

Mashudu yamepungua kilo 3 kwa kila 100. Kwa tani 27 hizo ni kilo 810 za mashudu zilizokuwa zimeuzwa kwenye karatasi bila kuwepo. Kwenye aya kosa hili lilikuwa limelala kwa miezi, maana mafuta yalitajwa ukurasa wa 9 na mashudu ukurasa wa 17. Vilipokaa kwenye mishale miwili inayotoka sanduku moja, likaonekana siku ileile.

Kuhusu uchoraji: visanduku vitano tu, mshale mmoja wa kuingia, mitatu ya kutoka. Unene wa mshale unafuata uzito, kwa hiyo wa mashudu ni mnene zaidi ya mara mbili ya wa mafuta. Watu wengi hudhani kinyume, na wakiuona wanaelewa kwa nini soko la mashudu limepewa nusu ukurasa. Herufi ni pointi 10, hakuna ndogo kuliko hiyo.

Siku ya 7

Chati ya bajeti. Ilikuwa chati duara ya mtindo wa 3D, vipande vinane, rangi nane, na kisanduku cha maelezo pembeni. Chati duara ina umri mkubwa (William Playfair alizichapisha London mwaka 1801), na kwa vipande viwili au vitatu bado inafaa. Ikilazwa kwa 3D inadanganya: kipande cha mbele kinavimba, cha nyuma kinabanwa. Ekispela na mota, sh milioni 9.5, ilikuwa mbele na ikaonekana kubwa kuliko mtaji wa kununulia alizeti, sh milioni 12, uliokuwa nyuma.

Imegeuzwa chati ya pau za kulala, kubwa juu, ndogo chini, namba mwishoni mwa kila upau: mtaji wa alizeti 12.0, ekispela na mota 9.5, chujio 3.2, umeme na ufungaji 2.8, ukarabati wa banda 2.1, vifungashio na lebo 1.4, mizani 0.6, leseni na vipimo 0.4. Jumla 32.0, imeandikwa chini ya chati ili asiyeamini ajumlishe. Pau zinaanzia sifuri. Rangi ni moja. Kisanduku cha maelezo kimefutwa, kwani jina la kila kitu liko mbele ya upau wake.

Rangi moja ina sababu. Nakala ya kamati hutolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na mashine hiyo haijali kama rangi ni nyekundu au kijani, inapima mwanga. Kanuni ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu ni asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu. Kwa kipimo cha 0 hadi 255, nyekundu ya 200 inatoa kijivu cha 60. Kijani cha 102 nacho kinatoa 60. Kwenye chati nyingine ya zamani "faida" ilikuwa kijani iliyokolea na "hasara" nyekundu; kwenye fotokopi vikawa mapacha. Palipo na lazima ya makundi mawili, moja linakuwa jeusi na jingine kijivu chepesi, au mistari ya mshazari.

Siku ya 9

Salio la fedha mwezi kwa mwezi. Andiko lilikuwa na jedwali la mwaka mzima na sentensi kwamba mwaka unaisha na faida. Hakuna aliyechora miezi. Kwa biashara ya alizeti hilo ni hatari, kwa sababu fedha hutoka kwa mkupuo wakati wa mavuno na hurudi kidogo kidogo.

Kwa bei ya kununulia iliyo kwenye andiko, sh 900 kwa kilo, na mtaji wa kuanzia wa milioni 12:

| Mwezi | Ununuzi | Gharama nyingine | Mauzo | Salio |
|---|---|---|---|---|
| Juni | tani 10, 9.0 | 0.8 | 3.0 | 5.2 |
| Julai | tani 12, 10.8 | 0.8 | 4.2 | −2.2 |
| Agosti | tani 5, 4.5 | 0.8 | 5.0 | −2.5 |
| Septemba | hakuna | 0.8 | 5.2 | 1.9 |

(Kiasi kwa sh milioni.)

Kwenye jedwali alama ya kutoa ni kidoti tu. Kwenye chati, Julai na Agosti zinaning'inia chini ya mstari wa sifuri kama miguu ya mtu aliyekaa ukingoni. Kikundi kimeona na kimepunguza ununuzi wa Julai kutoka tani 12 hadi 8. Salio la Julai sasa ni 1.4 na la Agosti 1.1. Kwa sababu mzigo wa akiba unatosha mauzo ya miezi hiyo, pengo linakuja baadaye: tani 4 pungufu ni lita 1,200 pungufu, na zimetolewa kwenye mauzo ya Februari na Machi. Msimu mzima sasa ni tani 23. Kila mahali palipoandikwa 27 pamesahihishwa, pamoja na siku za kukamua, ambazo ni 16 badala ya 18.

Pendekezo la kuzichora zote mbili, ya zamani na mpya, limekataliwa. Kamati haihitaji kujua njia, inahitaji kuona Agosti haizami.

Siku ya 10

Ramani. Iliyokuwepo ni picha ya skrini ya simu, yenye saa, chaji ya betri na nukta ya bluu. Imechorwa mpya kwa mistari: banda, barabara kuu, vijiji vitatu vya kununulia na umbali wa kila kimoja, Singida mjini, na mshale unaoelekea Dodoma, kilomita 240 hivi. Vipimo vya banda vya longitudo na latitudo vimechukuliwa kwenye picha halisi ya simu na kuandikwa kwa desimali nne, ambazo zinatosha kumfikisha mtu ndani ya mita 11 hivi. Visitafutwe kwenye picha iliyopita WhatsApp, hufutwa njiani.

Picha ya chupa yenye lebo imetoka kabisa. Mbunifu alikuwa ameweka alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwenye lebo ya bidhaa isiyokuwepo bado. Hata kwa mfano, alama hiyo haiwekwi kabla ya cheti.

Siku ya 11

Kupanga kwenye Word. Makosa yaliyojitokeza:

Picha tatu zilitumwa kama picha za kawaida za WhatsApp, zikafika na pikseli 1,600 upande mrefu, KB 140, wakati za asili ni MB 4. Nafasi ya maandishi kwenye A4 yenye pambizo za sm 2.5 ni sm 16; kwa chapa safi ya nukta 300 kwa inchi zinatakiwa pikseli 1,890. Ya pikseli 1,600 ingevumilika kama isingekatwa. Ile ya kibao ilikatwa nusu, zikabaki 800, herufi zikawa uji. Zimetumwa tena kama dokumenti.

Word yenyewe, kwa matoleo mengi, hubana picha hadi 220 kwa inchi kila faili linapohifadhiwa. Imezuiwa kwenye mipangilio kabla ya kuingiza picha. Kuzuia baadaye hakurudishi kilichopotea.

Picha zilikuwa zinaruka kurasa kila aya ikiongezwa neno. Zote zimewekwa ndani ya mstari wa maandishi, na aya ya picha imefungwa na maelezo yake ili visitengane.

Chati zilibandikwa kutoka Excel pamoja na kitabu chake kizima. Mtu akibofya chati mara mbili anafungua karatasi zote, ikiwemo ile ya madeni ya wanachama kwa wanachama. Zimebandikwa upya kama picha, na kinachotumwa ni PDF tu.

Siku ya 12

Fotokopi ya fotokopi, duka la stendi, mashine iliyochoka. Picha 1 na 2 zimeenda giza. Zimeongezwa mwanga wa kati (sehemu zisizo nyeusi wala nyeupe), siyo wa jumla, kwa sababu wa jumla unaunguza bati. Chati zimesalimika. Mshale wa takataka kwenye mchoro wa mtiririko ulitoweka, umenenepeshwa hadi pointi 1.5, hata kama haulingani tena na uzito wake. Hilo limeandikwa chini ya mchoro.

Andiko sasa lina kurasa 24, picha 7, MB 3.2. Kiambatisho cha 4 kina nafasi tupu ya sm 8 kwa 6 iliyoachwa kwa picha ya mizani. Haitapigwa mpaka mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na stika iwe juu yake.